Kosta za Bagamoyo–Makumbusho: zinafika, ila usiulize saa ngapi

Kwa mtu anayelala Dunda au Magomeni (ya Bagamoyo, si ile ya Dar) na kuamkia kazini Mwenge, Dar, usafiri wa umma wa kila siku ni kosta (basi dogo) inayoishia stendi ya Makumbusho. Inastahili nyota tatu kati ya tano. Nyota mbili inazipoteza stendi, kabla gari halijawasha injini.

Wengi hudhani kinachochelewesha ni foleni ya Tegeta hadi Lugalo. Foleni ipo, lakini chanzo ni hesabu. Dereva na konda wengi hawana mshahara. Jioni wanampelekea mwenye gari kiasi walichopatana naye, wanatoa mafuta, na kinachobaki ndicho chao. Njia ina kama kilomita 60. Weka saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, na nusu saa ya kujaza kila upande: mzunguko mmoja umekula saa tano. Hata akianza saa kumi alfajiri, siku haimpi zaidi ya mizunguko mitatu. Viti havifiki 30. Akiondoka na viti sita vitupu, hakuna mzunguko wa nne wa kufidia, ndiyo maana mpigadebe anaimba "bado mmoja" wakati bado saba. Na ndiyo maana gari likishajaa linaokota tena watu Kiromo, Zinga, Kerege na Mapinga. Levo siti (kila abiria na kiti chake) iliyotangazwa stendi huisha hapo.

Kero kubwa kuliko kusimama ni kukatisha ruti. Jioni, gari lililoandikwa Bagamoyo linaweza kuishia Bunju na kugeuza, kwa sababu abiria wa vipande vifupi wanaingiza pesa haraka kuliko wa kufika mwisho. Kabla ya kupanda muulize konda, "Inafika Bagamoyo yenyewe?" na nauli uitoe mkishavuka Mto Mpiji, si mkiwa bado Boko. Kiti: kaa upande wa kulia, nyuma ya dereva. Asubuhi gari linaelekea kusini-mashariki na jua liko kushoto. Jioni linarudi kaskazini-magharibi na jua liko kushoto tena. Anayejua ruti hii hagombanii dirisha la kushoto.

Kwenye mizigo kosta inashinda kila mtu. Tenga la samaki, kiroba cha mananasi ya Kiwangwa, godoro: vyote vinapatana bei na vinafika.

Sasa mabishano ya vijiweni. Awamu ya nne ya mwendokasi (mabasi yenye njia yao wenyewe ya zege), kilomita 30.1 kwa fedha za Benki ya Dunia, inafuata Ali Hassan Mwinyi na Barabara ya Bagamoyo hadi Tegeta, na tawi la Sam Nujoma kwenda Ubungo. Kambi moja inasema ivutwe mpaka Bagamoyo. Nyingine inasema tuachane na mabasi, ijengwe reli nyepesi (ya treni za mjini), maana mji huu ulishanyimwa reli mara moja: Wajerumani walihamishia makao yao Dar mwaka 1891, na Reli ya Kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905 ikaanzia huko. Uchungu huo unaeleweka, ila hausaidii kupanga ratiba.

Tuanze na reli. Addis Ababa ilizindua reli nyepesi mwaka 2015: njia mbili, zaidi kidogo ya kilomita 30, dola milioni 475, sehemu kubwa mkopo wa China. Hiyo ni karibu dola milioni 15 kwa kilomita. Kutoka Tegeta hadi Bagamoyo ni takriban kilomita 40, kwa hiyo hata kwa bei ya wakati ule ni dola milioni 600. Na ujenzi ndio sehemu rahisi. Addis ilianza na treni 41, na ndani ya miaka michache nyingi zikalala karakana kwa kukosa vipuri. Basi moja likifa, unaleta lingine na linalipita. Treni ikifia njiani imeziba njia, na gurudumu lake halipatikani kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani.

Halafu abiria wenyewe. Kosta ikitoka kila dakika tano na watu 30, ni watu 360 kwa saa. Reli nyepesi inaanza kuleta maana kwenye maelfu ya watu kwa saa kwa upande mmoja. Basi la mita 18, lile lenye mpira katikati, likipita kila dakika mbili na watu 140, linabeba 4,200 kwa saa. Mwenge inaweza kujaza hayo. Zinga haiwezi.

Kuvuta mwendokasi mzima mpaka Bagamoyo nako kuna kasoro ambayo wanaoupigia debe hawaigusi. Mwendokasi ni usafiri wa mjini, wa vituo vya karibu karibu. Ukikadiria mwendo wa wastani wa kilomita 25 kwa saa, kilomita 40 za kufika Tegeta tu zinakula zaidi ya saa moja na nusu. Kosta isiyokutana na foleni inakushinda, tena ikiwa imeshusha watu Kerege. Njia ya zege ina faida pale penye foleni, na kutoka Mapinga kuja Bagamoyo foleni si tatizo la kulipia zege.

Basi kosta ziruhusiwe kuingia njia ya mwendokasi pale Tegeta? Haiwezekani, na sababu ni mlango. Vituo vya mwendokasi viko katikati ya barabara, na sisi tunaendesha kushoto. Abiria anapandia upande wa kulia, kwenye jukwaa lililoinuliwa lingane na sakafu ya basi. Mlango wa kosta uko kushoto, una ngazi. Ikisimama kituoni inaligeuzia jukwaa ubavu usio na mlango. Tena konda anayekusanya nauli mlangoni ndicho kitu mwendokasi ulibuniwa kukiondoa: tiketi unakata nje, geti linakupitisha, na milango yote inafunguka kwa pamoja.

Kinachofaa ni basi la mita 12 lenye milango pande zote mbili: kushoto wenye ngazi kwa Kiromo na Mapinga, kulia ulio juu kwa vituo vya zege. Johannesburg wana mabasi ya namna hiyo kwenye Rea Vaya, yanazunguka mitaani kisha yanaingia njia kuu. Letu likusanye abiria mpaka Bunju, liingie njia ya zege Tegeta, liruke vituo vidogo, lisimame Mwenge na Makumbusho. Kwa hilo kila kituo lazima kiwe na nafasi ya kupitana, kama ilivyofanywa awamu ya kwanza. Bila hiyo basi la Bagamoyo litaganda nyuma ya basi la kawaida. Na dereva alipwe mshahara, aondoke kwa saa, viti vijae visijae.

Tukishindwa hapo, kitakachotokea kinaonekana tayari Kimara. Watu wengi wa Mbezi na Kibaha wanashushwa mwisho wa njia, wanapanga foleni upya na kulipa upya. Tegeta itakuwa hivyo hivyo, na asubuhi wajanja wataanza kugeuza na magari kutokea Boko (kupanda yakienda mwisho wa njia na kurudi nayo) ili wapate kiti. Mwenye tenga la samaki sijui atapita geti gani.

Karakana nayo isiwekwe bondeni. Ile ya Jangwani iliwekwa kwenye bonde la Mto Msimbazi, na mvua kubwa zilipokuja mabasi yaliogelea. Mpiji nao hufurika.

Kwa sasa panda kosta. Ukitaka kufika Mwenge saa moja na nusu asubuhi, uwe stendi ya Bagamoyo saa kumi na moja kasoro, uwe na chenji, na usishuke kununua vitumbua konda akikwambia bado watu wanne.