Felco 2 kwenye zabibu za Dodoma: mkasi mzuri, ila ujue pa kuuelekeza

Bei ya mkasi huu humshtua mtu dukani, kwa hiyo tuanze na hesabu. Chukua ekari yenye mizabibu 1,000, kila mmoja una vijiti 12 vya kupogoa, na kila kijiti kinataka mikato miwili. Hiyo ni mikato 24,000. Na Dodoma zabibu hupogolewa mara mbili kwa mwaka, maana huku hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Mkasi ndio unaouamsha. Mikato 48,000 basi, kabla hujagusa machipukizi ya ziada wala majani. Mkasi wa bei poa unakata vizuri siku ya kwanza, kisha riveti inaanza kulegea, wembe unacheza, na kuanzia hapo unatafuna badala ya kukata.

Felco 2 hutengenezwa Uswisi na kampuni iliyoanza mwaka 1945. Una uzito wa gramu 240, urefu wa milimita 215, na hukata tawi la hadi milimita 25. Mizabibu inahitaji chini ya hapo sana: kijiti cha msimu uliopita kwa kawaida ni unene wa penseli au zaidi kidogo. Mishikio ni ya aluminiamu iliyovikwa plastiki nyekundu, na wekundu huo si urembo, ukiudondosha kwenye majani makavu utauona. Wembe una mfereji mdogo wa kupitisha utomvu, na karibu na ekseli, ile pini ya katikati, kuna pengo la kukatia waya mwembamba. Tumia pengo hilo tu. Anayekata waya wa kufungia kwa ncha ya wembe huacha meno, na meno hayo yatachana kila kijiti kitakachofuata.

Sifa yake kubwa ni kwamba hufunguka wote. Wembe, taya, springi, nati na mpira wa kuzuia mshtuko vyote hubadilishwa kimojakimoja. Ndiyo maana uulize vipuri kabla ya kulipa: duka linalouza mkasi lakini halina wembe wala springi linakuuzia nusu ya bidhaa. Feki nazo zipo, tena nyekundu vilevile. Angalia kama nembo imechongwa kwenye chuma au imebandikwa, na kama nati ya katikati inafunguka kwa spana.

Sasa namna ya kuushika, maana hapa ndipo wengi huharibu kazi na kulaumu chuma. Wembe ukae upande wa sehemu inayobaki mtini, taya lenye umbo la kulabu likae upande wa kinachotupwa. Taya hubana, wembe hukata. Ukigeuza, unaponda kijiti unachotaka kichipue; kinakauka kuelekea chini, na ukungu wa magonjwa ya shina huingilia hapo, hasa ukipogoa mvua ikinyesha. Acha macho mawili, yaani vichipukizi vilivyolala, kwa kila kijiti, kata sentimita moja hadi mbili juu ya jicho la pili, mkato uinamie upande ulio mbali na jicho ili maji yasilitiririkie. Ukiacha kijiti kirefu chenye macho sita au saba, ya nchani yatatangulia kuchipua na kuyanyima ya chini; msimu ujao matunda yatakuwa yamehamia mbali na mkono wa mzabibu, lile tawi la kudumu linalolala kwenye waya.

Baada ya kuchipua, mkasi hupumzika na vidole huchukua kazi. Baki na machipukizi kama 15 kwa kila mita ya waya. Yatoe mengine yakiwa na urefu wa shibiri, yanang'oka bila jeraha. Jani la zabibu hupitisha chini ya asilimia 10 ya mwanga, kwa hiyo tabaka la tatu la majani linakula tu bila kupika. Humo ndani unyevu haukauki, ubwiri unga, ule ukungu mweupe, unapata nyumba, dawa ya kupuliza haifiki, na sukari ya kichala hubaki chini wakati kiwanda kinapima Brix, kipimo cha sukari. Hasara nyingine haionekani: jicho lililokulia gizani huzaa majani matupu. Kwa kuwa upogoaji unaofuata uko miezi michache tu mbele, giza la leo unalilipa mwaka huuhuu. Kwenye mistari ya kaskazini kwenda kusini, toa majani mawili au matatu kuzunguka kichala upande wa mashariki, punje zikiwa ndogo bado. Upande wa magharibi usiguse. Jua la alasiri la Dodoma hubabua punje zilizozoea kivuli.

Pale mkasi huu unaposhindwa ni kwenye mikono mizee. Mtu hukutana na gogo la milimita 40, anapinda kiganja huku akibana, wembe na taya vinaachana, na kuanzia siku hiyo hata jani linakunjika katikati bila kukatika. Nunua msumeno wa kukunja pamoja nao. Bila msumeno, Felco 2 ni nusu ya vifaa.

Matunzo ni dakika tano jioni. Futa utomvu kwa kitambaa chenye spiriti, weka tone la mafuta kwenye ekseli. Noa upande wenye mteremko tu, nyuzi kama 20 hadi 25. Upande bapa upitishe jiwe mara moja kuondoa ukingo uliojikunja. Jaribu kwa karatasi ya daftari: ikikatika mpaka nchani, nati iko sawa. Ukitoka kwenye mzabibu unaoonekana mgonjwa, tumbukiza wembe kwenye spiriti ya asilimia 70. Jiki inaua vijidudu pia, lakini inakula chuma.

Mwenye mizabibu thelathini nyuma ya nyumba asijitwishe gharama hii. Mwenye nusu ekari kwenda juu anunue, na wembe wa akiba juu yake. Mwenye kiganja kidogo aulizie Felco 6, na anayetumia mkono wa kushoto aulizie Felco 9, kwa sababu Felco 2 mkononi mwake utaweka taya upande wa mti kila mara.