Siku mbili za mafunzo ya bastola Mombasa: nilivyoiacha Ceska

Nauza nafaka kwa jumla Kongowea, na jioni natoka sokoni na pesa za siku nzima. Jirani yangu wa kibanda alipovamiwa kwa panga, niliomba leseni ya silaha. Ya kununua nilikuwa nimeshaichagua: Ceska, CZ 75, kwa kuwa ndiyo niliyozoea kuiona viunoni mwa askari kanzu. Kabla ya kutoa pesa nikajiandikisha mafunzo ya siku mbili kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji. Nashukuru nilianza huko.

Ceska ni chuma, zaidi ya kilo moja kabla ya kutia risasi. Uzito huo unasaidia, hairuki sana mkononi. Tabu ilikuwa kuikoki, yaani kuivuta ili risasi ya kwanza iingie tayari. Sehemu ya juu inayovutwa nyuma imezama ndani ya fremu, pa kushika ni padogo, na vidole vyangu vyenye jasho viliteleza mara tatu. Tena nyundo ya nyuma ikiwa chini, kifyatulio, kile cha kuvutwa kwa kidole, kwa risasi ya kwanza huvutwa mbali na ni kizito, kisha kwa ya pili kinakuwa chepesi ghafla. Ya kwanza yangu ilienda chini ya shabaha kila mara.

Mkufunzi akanipa Glock 19. Nayo, kama Ceska, inatumia risasi za milimita 9, ila fremu yake ni ya plastiki ngumu. Bila magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, ina kama gramu 600, na magazini ya kawaida inaingia risasi 15. Kifyatulio hakibadiliki toka risasi ya kwanza hadi ya mwisho. Hapo nikaiacha Ceska. Lakini haina kitufe cha usalama cha kubonyeza kwa kidole gumba, kwa hivyo ala, mfuko wa kuibebea kiunoni, lazima ifunike kifyatulio chote.

Somo lililonifaa zaidi lilihusu mavazi. Nilikuja na mkoba nikidhani bastola itakaa humo. Mkufunzi akaniuliza, "Mama, wale wa bodaboda wakiuvuta huo mkoba, watakuwa wameondoka na nini?" Sikuwa na jibu. Basi tukajifunza kuitoa kiunoni nikiwa ndani ya buibui. La kuvaa kwa kichwa lilinishinda kabisa. La kufunguka mbele kwa vifungo vya kubana linawezekana: mkono wa kushoto unafungua na kukiinua kitambaa, wa kulia unaingia. Tulirudia bila risasi hadi bega likauma. Nilianza na sekunde sita, nikafika tatu na ushei, na mwenye panga aliye karibu hazisubiri hizo tatu. Ndiyo maana tulitumia saa nzima kuzungumzia kubadilisha njia ya kurudi nyumbani, na kupokea malipo kwa M-Pesa ili noti zipungue.

Malalamiko ninayo. Tulikuwa wanafunzi wanane kwa mkufunzi mmoja, na sheria ilipitiwa kwa dakika 20 tu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 17, inapima kujitetea kwa misingi ya sheria ya kimila ya Uingereza: nguvu iwe ya lazima na ya kiasi. Mwizi aliyekwishanyakua akakimbia, ukimpiga risasi ya mgongo, mshtakiwa ni wewe. Hilo lilistahili asubuhi nzima.

Tulionyeshwa pia magazini iliyoliwa na kutu kwa kuachwa ndani ya ala ya ngozi, kwa hii hewa yetu ya chumvi. Yangu, leseni ikitoka, nitaifuta kwa mafuta kila Ijumaa na italala kwenye sefu. Mwezi ujao narudi uwanjani, na buibui langu la kila siku.