Year of the Dog: wameiandika komedi, mbwa anakufa mapema tu

Nina hasira kwahiyo nitaandika hovyohovyo mnivumilie. Hii muvi ya 2007 kwenye flashi yangu ilikaa kwenye folda la KOMEDI, nikajiwekea chai na maandazi nikijua leo nacheka, hata chai haijapoa kambwa ka Peggy kanaitwa Pencil keshakufa, sumu, kakutwa uani kwa jirani. Nikalia. Komedi gani hii jamani.

Peggy ni sekretari, hana mume hana mtoto, alikuwa na Pencil tu, na akishafiwa kila mtu anakuja na lake, shoga yake wa ofisini anaona ndo wakati wa kutafuta bwana, jirani anamtoa out halafu anamsimulia alivyompiga risasi mbwa wake mwenyewe utotoni kwa bahati mbaya. Hapo nilicheka na machozi bado yako shavuni. Molly Shannon, anayeigiza Peggy, hafanyi vituko, anatabasamu tu pale ambapo wewe ungetukana.

Sasa kilichonitibua. Peggy kafika pa kuchukua mbwa 15 kwa mpigo wasiuawe, muvi ikaganda. Nikarudi kwa yule dogo wa kukopi muvi karibu na soko la Kilombero hapa Arusha, namweleza kistaarabu kabisa, ananijibu mbele za watu, "Maza, si mbwa tu huyo, kwani ulitaka wamfanyie arobaini?" Wakacheka wote pale. Halafu anataka jero nyingine eti ya kurudia kukopi! Mimi huku Sakina nina mbwa wangu Bosco, anakula ugali na dagaa, ndo mtu pekee anayenisubiri getini nikichelewa, kwahiyo hiyo arobaini ilinichoma kweli. Na ndo kauli wanayompa Peggy muvi nzima, ila wao wanaisema kwa adabu.

Nikaitafuta kwingine nikamaliza. Katikati inazubaa kidogo, siwafichi. Peggy anaacha nyama, mayai, maziwa (jaribu hiyo Arusha hapa uone utakula na nani), anaghushi hundi za bosi achangie wanyama, makoti ya manyoya ya wifi yake anayatosa kwenye bafu. Hapo nilikuwa upande wa wifi, baadae nikawa upande wa Peggy, sasa hivi sijui. Mwenye muvi ni Mike White, yule aliyeandika ile komedi ya School of Rock, ila usitegemee shangwe ya ile.

Nilitaka niipe mbili kati ya tano kwa ajili ya Pencil. Jana nimeirudia, naipa nne, wanaoipita kwenye folda hawajui wanachokosa. Dogo wa flashi sifuri, na jero yangu haoni. Kinachoniudhi ni kwamba ile ya arobaini, Mike White angeisikia angeiweka kwenye muvi.