Seti ya granaiti: mama mkwe alidhani ni pilipili manga

Jamani naandika hii nikiwa na hasira na wala si za leo. Mwaka jana mwishoni huko, au ilishaingia Januari, sikumbuki, nilijichanga nikaenda Kariakoo kununua seti ya sufuria za granaiti, zile zenye madoamadoa na mifuniko ya kioo. Laki mbili na nusu, na hapo nimelia sana. Kijana wa dukani akaigonga moja kwa ufunguo, ngo ngo, "dada hili ni jiwe, utawarithisha wajukuu." Nikaamini. Mtu mzima na akili zangu nikaamini kuna jiwe jepesi vile.

Miezi ya mwanzo nisiwe mwongo, ilikuwa raha. Ukoko haushiki, ugali unabanduka wenyewe, dada wa kazi akawa anaosha vyombo huku anaimba. Sasa siku hiyo wakwe wamekuja, nimepika wali wa nazi, mweupe pe, umechambuka punje moja moja, naupeleka mezani nimejaa sifa. Mama mkwe anakula, anakula, mara akatulia. Akatoa kitu ulimini kwa ncha ya kidole akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha. "Mwanangu, siku hizi wali wa nazi mnatia pilipili manga?" Mi sijatia. Kuangalia sahani yangu, vipande vyeusi kama sita hivi, vyembamba, ukivibonyeza kwa ukucha vinapinda. Ni rangi ya sufuria ile! Ingekuwa pilau ningenyamaza tukala tu, Mungu anisamehe.

Nikaibeba mpaka dukani na risiti yangu. Kijana yule yule, hata salamu hakuitikia, anatafuna miwa. "Ulipikia mkaa?" Ndio nilipikia mkaa, gesi iliniishia, kwani Dar nzima hii nani hajawahi kuishiwa gesi mchuzi uko nusu? "Ah basi umeiua mwenyewe, hiyo ya kushika kama yai." Kama yai!! Wajukuu wako wapi sasa? Halafu akanigeuzia risiti kwa kidole kimoja, chini kabisa pameandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Hapo hapo akamgeukia mama mwingine aliyekuwa anashika shika mifuniko, na mnajua alimwambia nini? "Mama, hili ni jiwe."

Mdogo wangu ndio akaja kunifungua macho, kwamba hamna jiwe pale, nyingi ni aluminiamu tu imepakwa dawa ya kuzuia kushika, mara nyingi tefloni ile ile, ikatiwa vidoa vya urembo. Na tefloni ikipita nyuzi kama 260 inaanza kuharibika, sufuria tupu kwenye moto mkali inafika huko dakika chache tu. Na mimi ndio zangu, mama alinifundisha sufuria ipate moto kwanza ndio utie mafuta, nikawa naichoma tupu kila siku naona napika kumbe naua. Sawa, kosa langu. Lakini angepungukiwa nini kuniambia hayo kabla hajahesabu hela?

Wali nimerudi kwenye sufuria yangu ya zamani, ile nzito ya mafundi wanaoyeyusha aluminiamu chakavu wanamimina kwenye mchanga. Mbaya kwa sura, na ukiulaza mchuzi wa ukwaju humo asubuhi unaonja chuma, ila unaisugua kwa stilwaya mpaka mkono unauma wala hainuni, na unapalia mkaa juu ya mfuniko wali unaiva mpaka juu, huo wa kioo ujaribu uone. Kwa hiyo mkienda dukani inyanyueni kwanza, ikiwa nyepesi kama sahani iacheni, na mshikio uliofungwa kwa skrubu moja utakuwa unaukaza kila wiki mpaka siku utakapokuachia na mafuta ya moto. Na granaiti msinunue. Kabisa!

Yani hizo kubwa. Kile kikaango kidogo msiniulize, hicho sijakitupa. Nimekificha juu ya kabati na mwiko wake wa mbao ndani, dada wa kazi hajui kiko wapi. Asubuhi ya leo nimekaangia yai bila hata tone la mafuta, likateleza zima mpaka kwenye sahani, kiini hakijatikisika. Nimelila nimenuna.