Google Flights kwa Msafiri wa Likizo Mwenye Fedha za Kuhesabu: Inapokufaa na Inapokuacha Njiani

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikipanga safari zangu za likizo kwa kutumia Google Flights, huduma ya mtandaoni ya kutafuta na kulinganisha nauli za ndege, na maoni yangu ninaweza kuyasema mapema kabla ya kuyafafanua. Kwa mtu ambaye bado hajafunga tarehe zake, ni chombo bora kuliko vyote nilivyowahi kutumia; kwa mtu ambaye tarehe zake zimekwisha kupangwa na mwajiri au na kalenda ya shule, ni chombo cha kawaida tu; na kwa yeyote anayetaka kujua safari nzima itamgharimu kiasi gani, tangu anapofunga mlango wa nyumba yake hadi anapofungua mlango wa chumba atakacholala, ni chombo pungufu ambacho lazima kisaidiwe na vingine.

Ni vyema kuelewa kwanza kwamba huduma hii kwa kawaida haiuzi tiketi. Inatafuta nauli, inazipanga, kisha inakupeleka kwa shirika la ndege lenyewe au kwa wakala, na malipo unayafanya huko. Uwezo wake wa kutafuta umetokana na kampuni ya ITA Software, iliyoanzishwa mwaka 1996 na wataalamu wa kompyuta waliotoka chuo cha MIT nchini Marekani. Google ilitangaza mwaka 2010 kwamba ingeinunua kwa dola milioni 700, ununuzi ukakamilika Aprili 2011, na Septemba ya mwaka huo huo Google Flights ikafunguliwa kwa umma. Nayataja haya kwa sababu kazi ya ITA ilikuwa hasa kuvunja kichwa juu ya jambo moja gumu, yaani namna ya kuunganisha mamilioni ya nauli, masharti na ratiba kwa muda mfupi, na matunda ya kazi hiyo mtumiaji anayaona kila anapofungua kalenda na kukuta bei za miezi miwili zimejaa mbele yake kabla hajamaliza kuvuta pumzi.

Kalenda hiyo, pamoja na jedwali la tarehe na grafu ya bei, ndiyo moyo wa huduma yenyewe. Katika jedwali, siku za kuondoka hupangwa upande mmoja na siku za kurudi upande mwingine, kila kisanduku kikiwa na nauli yake, hivyo kwa mtupo mmoja wa jicho unaona kwamba kuondoka Jumatano badala ya Ijumaa, au kurudi siku moja baada ya umati uliojazana Jumapili, kunaweza kuokoa fedha za kulipia malazi ya usiku kadhaa. Grafu inafanya kazi nyingine: unaiambia kwamba unataka kukaa siku 9, nayo inakuonyesha nauli ya safari ya siku 9 ikianza tarehe moja, kisha inayofuata, na kuendelea, kwa wiki nyingi. Mimi hubadilisha pia idadi ya siku zenyewe, kutoka 9 hadi 8 au 11, kwa kuwa nimekwishaona mara nyingi kwamba siku moja ya ziada inapunguza nauli kuliko inavyoongeza gharama ya chumba. Mtu anayeruka hatua hii na kuandika moja kwa moja tarehe alizozifikiria amejinyima sehemu kubwa ya manufaa ya chombo hiki.

Hapa inafaa kugusia imani mbili ambazo zimeenea sana miongoni mwa wasafiri. Ya kwanza ni kwamba tiketi hununuliwa kwa bei nafuu siku fulani ya wiki, hasa Jumanne. Siku ambayo ina uzito ni ile ya kusafiri. Siku ya kununua haina muujiza wowote unaoweza kutegemewa. Ya pili ni kwamba tovuti hukukumbuka na kukupandishia bei kwa sababu umetafuta safari ile ile mara nyingi. Bei hupanda kweli mbele ya macho yako, lakini chanzo chake cha kawaida ni jinsi viti vinavyouzwa. Ndege yenye viti 180 haiuzwi kwa bei moja: shirika huvigawa viti hivyo katika mafungu mengi ya nauli yanayotambulishwa kwa herufi, ingawa abiria wenyewe watakaa kwenye viti vinavyofanana, na fungu la bei ya chini likiisha, anayefuata hupewa bei ya fungu la juu yake. Bei uliyoiona asubuhi ikitoweka mchana, huenda mtu mwingine amechukua kiti cha mwisho cha fungu hilo, au huenda tovuti ilikuonyesha bei iliyohifadhiwa saa kadhaa zilizopita.

Mfumo huo wa mafungu unazaa jambo ambalo Google Flights haikuelezi, na ambalo familia zinapaswa kulijua. Ukitafuta viti vinne kwa pamoja, na fungu la bei nafuu limebakiwa na viti viwili tu, kwa kawaida wote wanne mtapangiwa bei ya fungu la juu linaloweza kuwatosha. Kwa hiyo mimi hutafuta kwanza kwa abiria mmoja, kisha wawili, kisha idadi yetu kamili, na bei ya kila mmoja ikiruka mahali fulani ninajua mpaka uko wapi. Mtu anaweza kununua viti viwili kwa bei ya chini na viwili kwa bei ya juu, mradi akubali kwamba atakuwa na nafasi mbili tofauti zilizowekwa kila moja peke yake (yaani "booking" mbili), na kwamba ratiba ikibadilika hakuna anayelazimika kuwahamisha wote pamoja. Kwa watu wazima nisingesita. Kwa wazazi wenye watoto wadogo ningelipa tofauti hiyo na kulala usingizi.

Ramani ya kuvinjari ndiyo sehemu inayofurahisha zaidi. Unaandika unakotokea, unachagua mwezi au muda kama vile wiki moja ndani ya miezi sita ijayo, unaweka kikomo cha nauli, kisha ramani ya dunia inajaa bei juu ya miji. Kwa mtu anayetaka bahari na jua bila kujali ni bahari ipi, hakuna njia ya haraka zaidi. Udhaifu wake ni kwamba inavuta macho kwenye nauli peke yake, na mji wenye nauli ndogo unaweza kuwa mji ambao chumba na usafiri wa ndani vitakukomba mfukoni.

Kisha kuna ufuatiliaji wa bei. Ukiwasha kitufe chake, huduma inakutumia barua pepe bei ya safari yako inapopanda au kushuka, na kwa njia nyingi za ndege inakuambia pia kama bei ya leo ni ya chini, ya kawaida au ya juu ikilinganishwa na bei zilizopita. Taarifa hiyo ya mwisho naithamini kuliko barua pepe zenyewe, kwa sababu bila kipimo cha kulinganisha, msafiri hana njia ya kujua kama anachokiona ni bahati au ni ghali iliyovaa nguo za punguzo. Hata hivyo inazungumzia yaliyopita na haiahidi yajayo. Mashirika mengi hufungua mauzo ya viti takriban siku 330 kabla ya safari, na kwa anayesafiri katika kilele cha msimu, wakati shule zote zimefungwa, sioni sababu ya kungoja ishara ya kushuka ambayo huenda isije.

Mahali ninapoona huduma hii inahitaji uangalifu zaidi ni kwenye orodha ya safari za bei ya chini kabisa, iliyoongezwa mwaka 2024 kando ya orodha ya safari bora. Humo utakuta safari zilizoshonwa kwa tiketi mbili za mashirika yasiyohusiana, na bei yake inaweza kuwa ndogo kwa kiasi cha kushangaza. Google huweka onyo kwamba abiria atabadilisha ndege kwa kujitegemea, lakini onyo la mstari mmoja halibebi uzito wa mambo yaliyomo. Kujitegemea maana yake ni kwamba ukifika kituo cha kati utachukua begi lako, utapita uhamiaji na pengine utahitaji viza ya nchi ambayo hukukusudia kuitembelea, kisha utapanga foleni upya na kukabidhi begi hilo kwa shirika la pili. Ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikaondoka, shirika la pili litakuhesabu kuwa abiria ambaye hakutokea, na tiketi yako ya kurudi iliyo kwenye nafasi hiyo hiyo inaweza kufutwa pamoja nayo. Safari ya namna hii naikubali pale tu ambapo muda wa kati ni mrefu sana, au ambapo nimeamua kulala usiku mmoja katika mji wa kati na kuufanya kuwa sehemu ya likizo.

Uangalifu wa pili unahusu anayekuuzia. Katika ukurasa wa mwisho, shirika la ndege na mawakala huorodheshwa pamoja, na wakala anaweza kuwa chini kwa kiasi kidogo. Mwaka mmoja nilivutwa na tofauti ndogo ya aina hiyo. Wiki tatu baada ya kulipa, shirika lilibadilisha saa ya ndege yangu ya kwanza kiasi kwamba nisingeweza kuipata ya pili. Nilipowapigia shirika wakaniambia kwamba nafasi imo mikononi mwa wakala, na wakala, ambaye simtaji, hakuwa na simu ila fomu ya ujumbe iliyojibiwa baada ya siku tano. Nilichookoa kilikwisha kabla sijaondoka. Tangu hapo hununua kwa shirika lenyewe isipokuwa tofauti iwe kubwa kweli kweli. Kuna faida nyingine pia: kwa safari za kwenda, kutoka au ndani ya Marekani zinazonunuliwa siku 7 au zaidi kabla ya kuondoka, kanuni za nchi hiyo zinalitaka shirika limruhusu mteja kufuta tiketi ndani ya saa 24 bila adhabu au limshikilie bei kwa muda huo, na kanuni hiyo inayabana mashirika yanayouza moja kwa moja, ilhali mawakala wana masharti yao wenyewe.

Kuhusu mizigo sitakawia. Nauli ya msingi ya mashirika mengi ya bei nafuu inabeba abiria na mfuko mdogo unaoingia chini ya kiti, basi. Google Flights ina kichujio cha mabegi kinachojumlisha ada pale inapokuwa na taarifa zake. Kiwashe kabla ya kulinganisha chochote, vinginevyo unalinganisha vitu visivyofanana.

Pengo kubwa linabaki ardhini. Uwanja wa Beauvais, ambao mashirika ya bei nafuu huutumia kwa wasafiri wa Paris, uko takriban kilomita 85 kutoka mji huo, na ule wa Hahn, uliowahi kutangazwa kwa jina la Frankfurt, uko takriban kilomita 120 kutoka Frankfurt yenyewe. Nauli ya ndege inayotua huko inapaswa kuongezewa basi la kwenda na la kurudi kwa kila abiria, na kama ndege inatua usiku wa manane, pengine teksi au chumba karibu na uwanja. Kwa hesabu hiyo mimi hufungua Rome2Rio, huduma iliyoanzishwa mjini Melbourne mwaka 2010, ambayo ukiipa sehemu mbili inakuonyesha mabasi, treni, vivuko na magari yanayoziunganisha, pamoja na muda na makadirio ya gharama. Makadirio yake ni mapana na lazima yathibitishwe kwa mwenye basi au treni, ila yanatosha kukuonyesha kama ndege ya bei nafuu ni nafuu kweli. Mara mbili yamenionyesha kwamba kutua mji wa jirani na kupanda treni kunashinda ndege ya kuunganisha, na mara moja kwamba basi la usiku lingeniokolea pia gharama ya chumba cha usiku huo, ingawa kiuno changu hakikukubaliana na hesabu hiyo.

Wapo watakaouliza kuhusu Skyscanner, huduma nyingine ya kutafuta nauli za ndege iliyoanzia Edinburgh na ambayo tangu 2016 imo mikononi mwa kampuni ya China inayojulikana leo kama Trip.com Group. Inaonyesha mawakala wengi zaidi, wakubwa kwa wadogo, na baadhi ya nauli ambazo Google haizioni, kwa hiyo naitumia kuhakiki kabla ya kulipa. Kwa kucheza na tarehe, hata hivyo, naona Google Flights ni nyepesi na haichoshi.

Kuna kero moja ndogo ya kumalizia. Huduma haijui kwamba umekwisha kununua, kwa hiyo barua pepe za ufuatiliaji zinaendelea kuja hadi uzime kitufe mwenyewe. Mimi huziacha kwa saa 24 pale ninapokuwa na haki ya kufuta tiketi na kununua upya, kisha nazizima, maana habari ya bei iliyoshuka baada ya hapo haina kazi nyingine ila kumpa mtu kinyongo na kiti alichokilipia.