Hilux kwenye utelezi: H4 inapanda, kusimama ni tairi

Ninayoizungumzia ni Toyota Hilux dabo kebini ya gia za mkono, yenye swichi ya H2 (injini inasukuma magurudumu mawili ya nyuma), H4 (yote manne) na L4 (yote manne kwa gia nzito ya polepole), kwenye udongo mwekundu wa Usambara wakati wa masika. Kwa kujikwamua kwenye tope sina la kulalamika. Hatari ni kwamba ukiwa H4 gari linapanda bila kuyumba, unajisahau, unaongeza mwendo. Ukikanyaga breki ndipo unagundua hujapewa cha ziada: breki ziko magurudumu yote manne hata ukiwa H2, na kinachoshika ardhi ni tairi tu. Kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 60, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki unakuwa mara nne.

Faida ya H4 unaiona unapopunguza mwendo kwa injini. Kwenye H2, ukirudisha gia ghafla mteremkoni, injini inazuia magurudumu ya nyuma peke yake, na bodi ikiwa tupu, nyuma kunahama kama umevuta hendibreki. Kwenye H4 propela shafti (chuma kinachopeleka nguvu ya injini magurudumuni) ya mbele na ya nyuma zinazunguka pamoja, zuio linagawanyika, gari linashuka limenyooka. Iweke kabla hujaanza kushuka.

Mteremko ukiwa mkali, simama juu, kanyaga klachi, weka L4, ingiza gia ya 1 au ya 2, kisha mguu utoke kabisa kwenye klachi. Matairi yakianza kuserereka maana yake yanazunguka polepole kuliko gari linavyokwenda, basi gusa mafuta kidogo yashike tena. Inatisha, lakini ndiyo dawa. Ukikanyaga klachi hapo, zuio lote la injini limekwenda.

Gari lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) kwenye changarawe legevu husimama mbali zaidi, ila usukani unakutii. Loki ya difu ya nyuma, inayolazimisha magurudumu mawili ya nyuma yazunguke sawa, ni ya kujikwamua tu: ukiiwasha, ABS na VSC (mfumo unaozuia gari lisihame pembeni) zinazimika, na gari linakataa kona.

Pesa yako iweke kwenye tairi za A/T (za ardhi ya kila aina) zenye meno, zote nne saizi moja. Kwenye tope punguza upepo hadi psi 22 hivi, ukifika lami ujaze. Lami ikiwa kavu toa H4 mapema. Ukichelewa usukani unakuwa mzito konani na gia inagoma kutoka. Ikigoma, rudi rivasi mita chache ukiwa umenyoosha usukani, itaachia.