Simu na laini ya kwenda nayo Guangzhou, Dubai au Istanbul: ipi ununue, ipi uiache dukani

Safari yangu ya kwanza Guangzhou niliitoa laini ya nyumbani nikiwa bado nasubiri begi uwanja wa ndege. Nikaifunga kwenye tishu, nikaweka laini ya Kichina. Siku ya tatu nipo Sanyuanli, mikoba nimeshachagua, bei tumeshapatana, mwenye duka ananisubiri nimrushie kianzio. Benki ikaniandikia kwamba imetuma namba za kuthibitisha kwenye simu yangu. Kweli ilituma. Ila laini ilikuwa kwenye tishu, na tishu mfanya usafi wa hoteli alishaizoa na taka asubuhi ile. Kurudishiwa laini Tanzania kunataka alama ya kidole, na kidole chenyewe kilikuwa China. Mzigo ule akachukua mwingine.

Kwa hiyo kila ninachokipanga hapa kinaanzia palepale: laini ya nyumbani haitoki kwenye simu. M-Pesa iko humo, benki iko humo, WhatsApp imeandikishwa humo. Unachotafuta ni simu inayoweza kuibeba hiyo pamoja na nyingine ya intaneti.

Simu

Nafasi ya kwanza naipa simu yenye tundu la laini ya kawaida na eSIM juu yake. Kwa asiyeifahamu, eSIM ni laini isiyo na kadi: unalipia mtandaoni, unatumiwa msimbo wa QR, unauskani, laini inaingia ndani ya simu. Kwa anayenunua mpya, Samsung Galaxy A35 au A55 zinatosha kabisa. Sioni sababu ya mfanyabiashara kubeba simu ya mamilioni sokoni ambako unasukumana na mabelo. Google Pixel zilizotumika nazo ni nzuri na kamera yake inasaidia ukituma picha za mzigo kwa wateja.

Usinunue kwa jina la modeli tu, maana modeli ileile huuzwa nchi nyingine ikiwa na eSIM na nyingine ikiwa haina. Piga *#06# ukiwa hapohapo dukani. Ikitokea namba ya EID pamoja na IMEI, eSIM imo. Muuzaji akikujibu "ipo bosi, hiyo haina shida", mwombe apige yeye mkiangalia wote. Na ukishaiona IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itume kwa SMS kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ujue simu ni halisi au ni feki.

Nafasi ya pili ni iPhone iliyotumika, kuanzia XR ya 2018 mpaka 13. Karibu zote hizo zina eSIM na zinakaa na chaji vizuri kama betri haijachoka. Tatizo lake ni asili. Nyingi zinazofika Kariakoo zimetoka Marekani au Japani, na baadhi bado zimefungwa na mtandao wa huko. Wajanja wanabandika kijichipu chembamba juu ya laini ili simu idanganyike. Dar inashika mtandao bila wasiwasi, ukifika Dubai inakataa laini nyingine zote. Fungua mipangilio, nenda sehemu inayoeleza habari za simu, tafuta mstari wa Carrier Lock. Usiposomeka "No SIM restrictions", rudisha simu kwenye kabati lake.

Kuna aina mbili za iPhone za kuziangalia kwa macho mawili. Zilizouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 hazina tundu la laini kabisa, kwa hiyo laini yako ya nyumbani lazima igeuzwe eSIM kwanza. Inawezekana, lakini simu ikidondoka ikapasuka ugenini huwezi kuichomoa laini ukaiweka kwenye kitochi cha jirani. Mimi siitaki. Zilizouzwa China bara ni kinyume chake: matundu mawili ya kadi, na nyingi hazina eSIM.

Nafasi ya tatu ni Tecno, Infinix na wenzao wenye laini mbili. Nyingi hazina eSIM, lakini laini ya nyumbani inakaa upande mmoja na ya ugenini upande wa pili, na betri zake zinavumilia kutwa nzima. Kwa Dubai na Istanbul hutajuta. Kwa China nunua kadi ya China Unicom, maana masafa yake yanaendana na simu zetu kuliko ya China Mobile, ambayo ni kubwa zaidi lakini inategemea sana masafa ambayo baadhi ya simu za huku hazina.

Kubeba kitochi cha kuhifadhia laini ya nyumbani? Wengi wananishauri hivyo. Vitochi vingi ni vya 2G, na mitandao ya nje inazidi kuizima 2G. Unaweza kufika ukakuta umebeba tochi kweli.

Laini

Hapa hakuna mshindi mmoja, kila mji na wake.

*Guangzhou.* China imefungia WhatsApp, Google, Facebook na Instagram. Ukinunua laini ya pale utaandikishwa kwa pasipoti, utapigwa picha ya uso, utapewa GB za kutosha, na WhatsApp haitafunguka. Wi-Fi ya hoteli ni hivyohivyo. eSIM ya wasafiri inazunguka: intaneti yako inapitishwa kwanza Hong Kong, Singapore au kwingine, ndipo inatoka, kwa hiyo WhatsApp inafunguka kama uko Sinza. Hiyo ndiyo namba moja. Safari iliyopita nilikaa siku 12 nikatumia GB 9, na hapo nilikuwa natuma video za mzigo kila jioni.

Romingi, yaani kuitumia laini ya nyumbani ukiwa nje, nayo inakwepa kifungo hicho kwa njia ileile, ila nunua bando la romingi kabla hujaondoka. Bila bando, vocha inayeyuka kabla hujatoka uwanjani. Laini ya Kichina naiweka ya mwisho, isipokuwa unakaa mwezi na unahitaji namba ambayo watu wa stoo na wa kontena watakupigia. eSIM nyingi za wasafiri hazina namba ya kupigiwa.

WeChat, ambayo ndiyo WhatsApp ya Wachina, ifungue ukiwa nyumbani, kwa sababu mara nyingi inataka mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuskani kukuthibitisha. Mtafute anayekwenda China kila mara, dakika mbili zinatosha. Kadi yako ya Visa iunganishe na Alipay, programu ya kulipia ya Wachina, hukuhuku. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayakatwi kitu, yakizidi hapo wanakata asilimia 3.

*Dubai.* Hapa nanunua ya pale, du au e& ambayo wengi bado tunaiita Etisalat. Dereva wa teksi, wakala wa kago, mwenye duka la Deira, wote wanapiga simu ya kawaida, na namba ya nyumbani hawataipigia. Unaonyesha pasipoti, basi. Waambie wakupe ya eSIM ili tundu libaki na laini yako. Jua tu kwamba kwa laini ya pale WhatsApp inaandika na kutuma sauti, lakini kupiga imefungwa. Mama yangu alidhani nimemkasirikia wiki nzima.

*Istanbul.* eSIM, ila inunue na uipakie ukiwa nyumbani. Tangu Julai 2025 Uturuki imefungia tovuti za kampuni kadhaa za eSIM, ukisubiri mpaka ufike Laleli utahangaika. Anayekwenda kukaa muda mrefu ajue kwamba simu ya kutoka nje ikitumia laini ya Kituruki hufungwa baada ya siku 120 kama haijalipiwa kodi.

Kabla ya kupanda ndege

Hakikisha romingi ya laini ya nyumbani imefunguliwa, kisha izimie data. SMS za benki zitaingia, na kwa kawaida kuzipokea hukatwi. Kupokea simu unakatwa, kwa hiyo waage ndugu kwamba wasikupigie kawaida. WhatsApp ikikuuliza kama umebadili namba, kataa.

Chaja ya pini tatu inaingia Dubai bila adapta. China na Uturuki utaihitaji. Powerbank ikae kwenye begi la mkononi, isizidi Wh 100. Na ukiwa China ukitaka kuruka kutoka Guangzhou kwenda Yiwu, tangu Juni 28, 2025 ndege za ndani hazipokei powerbank isiyo na alama ya 3C, ile ya usalama ya China. Yangu ya Kariakoo ilibaki kwenye kapu la ukaguzi, juu ya nyingine kama ishirini hivi.